Kura, Daftari na Dhamiri: Historia Fupi ya Upigaji Kura katika Kilimanjaro

Utangulizi

Neno "kura" tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili si ile inayotujia akilini siku ya uchaguzi. Kura ni kitu kinachotupwa au kuokotwa ili jambo liamuliwe pasipo mwanadamu kuliamua. Ndivyo Biblia ya Kiswahili inavyolitumia. Nchi ya Kanaani iligawiwa makabila kwa kura, Yona alitambulikana kwa kura, askari waligawana mavazi ya Bwana kwa kura, na Mathiya alihesabiwa pamoja na mitume 11 baada ya kura kumwangukia (Mdo. 1:26). Nchi yetu ilipoingia katika uchaguzi wa kisiasa, neno hilohilo likatwaliwa kwa kazi mpya. Hivyo mwanafunzi wa theolojia hukutana nalo katika Matendo ya Mitume na hukutana nalo tena katika tangazo la Tume ya Uchaguzi, lakini maana zake zimeachana. Katika Matendo mwanadamu anaondoa mkono wake ili Mungu aamue. Katika uchaguzi mwanadamu anaweka mkono wake, naye atawajibika kwa alichoamua.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi watu wa Moshi na miteremko ya Kilimanjaro walivyojifunza kuuweka mkono huo. Katika kila kipindi tutauliza maswali mawili. La kwanza: Ni nani aliyeandikwa katika daftari? La pili: Alipopiga kura yake, nani alimwona? Twaona kwamba swali la kwanza limeshughulikiwa sana na wanahistoria, na la pili limesahauliwa; nalo ndilo linalowahusu watumishi wa Kanisa kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Kutoka uwanja wa Mangi hadi Mangi Mkuu

Kabla ya ukoloni kila nchi ya mlimani ilikuwa na Mangi wake, na mambo makubwa yalizungumzwa uwanjani mbele yake. Wanaume walisema, wazee walipima maneno, na uamuzi ulitoka hadharani. Hatupendi kuudharau utaratibu huo, kwa maana ulijua kusikiliza. Hata hivyo, aliyepinga alipinga mbele ya macho ya Mangi, na jioni alirudi katika kihamba ambacho Mangi aliweza kukigusa. Daftari halikuwapo, wala siri haikuwapo.

Mwaka 1946 Waingereza waliweka juu ya Wamangi wa nchi ndogondogo viongozi watatu wa tarafa: Abdiel Shangali kwa Hai, Petro Itosi Marealle kwa Vunjo, na John Maruma kwa Rombo. Wananchi wengi hawakuridhika. Walikwisha kuzoea kuendesha ushirika wao wa kahawa, tangu chama cha wakulima cha mwaka 1925 hadi K.N.C.U. iliyofuata, nao waliona kwamba watu wanaoweza kuchagua viongozi wa ushirika waweza pia kuchagua mtawala. Mwaka 1949 Petro Njau na Joseph Merinyo waliongoza kuanzishwa kwa Umoja wa Raia wa Kichagga, uliojulikana kama K.C.C.U., ambao ulidai pawepo Mangi Mkuu mmoja aliyechaguliwa na watu. Uchaguzi ulifanyika mwaka 1951, na Thomas Marealle akashinda; akasimikwa Januari 1952.

Tukio hili lastahili kuangaliwa kwa makini. Cheo kilikuwa cha jadi kwa jina, lakini njia ya kukifikia ilikuwa mpya. Marealle alikuwa wa ukoo wa kitawala, na wengi walimwona kama Mangi wa kale aliyerudi kwa utukufu zaidi. Lakini uhalali wake ulitoka kwa watu waliohesabiwa. Na mtu akiisha kukubali kwamba hesabu ya watu inaweza kumpandisha mtawala, ni vigumu baadaye kukataa kwamba hesabu hiyohiyo yaweza kumteremsha.

Kura tatu za mwaka 1958

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Jimbo la Kaskazini, ambamo Moshi ilikuwamo, lilikuwa katika awamu ya kwanza. Sheria iliweka masharti mazito. Mpiga kura alipaswa kuwa na umri wa miaka 21, na juu ya hayo awe amefikia darasa la nane, au awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe na cheo kilichotajwa na serikali. Katika nchi yenye watu karibu milioni 9, walioandikishwa katika awamu zote mbili hawakuzidi 60,000 hivi.

Isitoshe, kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, na moja kwa Mwasia. Aliyeacha nafasi moja wazi, karatasi yake iliharibika. Wengi katika TANU waliona hii ni dharau, na shauri la kususia lilikuwa na nguvu. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwasihi wajumbe waingie katika uchaguzi pamoja na ubaya wa masharti yake, na hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu hakukubali. Alijitenga na kuanzisha chama chake, African National Congress. Matokeo yalimpa Nyerere haki, kwa kuwa TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu. Kutoka Jimbo la Kaskazini waliingia Barazani Solomon Eliufoo, Derek Bryceson na Bibi Sophia Mustafa.

Hapa yatupasa kutazama sharti la darasa la nane kwa jicho la historia ya Kanisa. Shule nyingi za Kilimanjaro zilikuwa za misheni, za Kilutheri na za Kikatoliki. Mwalimu aliyemfikisha kijana darasa la nane hakujua kwamba alikuwa akimwandikia jina katika daftari la wapiga kura. Vivyo hivyo kijana aliyetolewa shuleni katika darasa la nne kwa kukosa ada, au kwa sababu wadogo zake walihitaji mlezi, alikuwa amefutwa katika daftari miaka mingi kabla halijafunguliwa. Kwa lugha ya sheria sharti hili halikumbagua mwanamke. Kwa hali halisi lilimbagua. Wasichana waliofika darasa la nane walikuwa wachache kuliko wavulana, na kahawa ambayo mama aliipalilia na kuianika iliuzwa mara nyingi kwa jina la mume. Mama huyo alikuwa na kazi, lakini mbele ya karani hakuwa na kipato. Kanisa letu lajivunia shule zake, na ni haki lijivunie. Lakini mlango uliofunguliwa kwa baadhi ulikuwa ni ukuta kwa wengine.

Kura ya mwaka 1960

Wakati huohuo upinzani dhidi ya Mangi Mkuu ulikuwa umekua. Walioupinga uongozi wake walikusanyika katika chama cha kidemokrasia cha Wachagga, ambacho kiongozi wake alikuwa Eliufoo, mwalimu mzaliwa wa Machame aliyelelewa katika Kanisa la Kilutheri na kupata masomo ya juu ng'ambo. Swali lililowekwa mbele ya watu mwaka 1960 lilikuwa rahisi kueleweka: Je, Wachagga waendelee kuwa na Mangi Mkuu, au wawe na Rais atakayechaguliwa kwa muda maalumu? Waliotaka Rais walishinda kwa wingi mkubwa, na Eliufoo akachaguliwa kushika nafasi hiyo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watawala wa jadi nchini kote.

Tusidhani kwamba jambo hili lilikuwa jepesi kwa watu wa wakati ule. Walioishi chini ya Mangi walifundishwa tangu utoto kwamba kumkataa mtawala ni kuukataa ukoo na baraka zake. Uwanjani, mbele ya Mangi, ni wachache wangethubutu. Twaamini kwamba mtu aliye peke yake na karatasi yake aliweza kusema lile ambalo asingelisema akiwa mbele ya wazee na majirani. Hii ndiyo kazi ya kwanza ya siri katika kura: humwezesha mnyonge kusema kweli pasipo kulipia.

Agosti 1960 nchi nzima ilirudi katika uchaguzi. Masharti yalilegezwa: sasa ilitosha kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au kuwa na kipato cha pauni 75. Daftari likapanuka kufikia watu 885,000 hivi. Lakini kati ya viti 71, viti 58 vilipata mgombea mmoja tu, na hapakuwa na haja ya kupiga kura. Mamia ya maelfu waliandikishwa wasipate nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo hatuna budi kuongeza swali la tatu kwa yale mawili tuliyoanza nayo: Katika karatasi palikuwa na nani wa kuchaguliwa? Mwaka 1962, katika uchaguzi wa Rais wa kwanza wa Jamhuri, masharti ya elimu na mali yaliondolewa kabisa. Mama wa kahawa akaandikwa. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98 ya kura dhidi ya Mtemvu.

Jembe na nyumba

Mwaka 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, Tanzania ilijaribu njia yake yenyewe. Katika kila jimbo la uchaguzi chama kiliteua wagombea wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma aweze kuchagua bila kuongozwa. Wagombea walizunguka pamoja, wakahutubia katika mikutano ileile, na walikatazwa kuomba kura kwa kutaja kabila, rangi au dini. Kwa upande wa Rais, mpiga kura aliulizwa ndiyo au hapana juu ya jina moja. Walioandikishwa walizidi milioni 3.

Waandishi wengine wameuhesabu uchaguzi wa aina hii kuwa si kitu, nasi twaona si haki kusema hivyo. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alipoteza kiti chake mwaka 1965 kwa kura za wananchi, na mawaziri wa nchi nyingi hawakuwa na hofu ya namna hiyo. Hata hivyo, mpiga kura aliweza kuchagua mtu tu. Hakuweza kuchagua njia. Kati ya jembe na nyumba hapakuwa na tofauti ya sera, kwa sababu wote wawili walitoka katika chama kimoja.

Mkono ulio hadharani

Ili kuona thamani ya karatasi ya siri, inafaa tuwatazame jirani zetu wa Kenya, ambako njia nyingine ilijaribiwa. Mwaka 1986 chama cha KANU kiliamua kwamba katika uteuzi wa wagombea wake watu wapange mstari nyuma ya mgombea wanayemtaka, au nyuma ya picha yake, na kuhesabiwa. Utaratibu huo, ulioitwa mlolongo, ulitumika mwaka 1988, na mgombea aliyepata asilimia 70 ya waliopanga mstari alihesabiwa kuwa amekwisha kuwa mbunge.

Waliopinga mapema walikuwa viongozi wa Makanisa, kwa njia ya Baraza la Taifa la Makanisa la Kenya. Hoja yao mojawapo ilikuwa ya kichungaji: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya macho ya washarika wake, Jumapili itakayofuata atahubiri kwa nusu ya usharika. Lakini hoja hiyo haiishii kwa mchungaji. Mpangaji husimama mbele ya mwenye nyumba, mwajiriwa mbele ya bosi wake, mke mbele ya mume. Mlolongo uliachwa baada ya mjadala wa mwaka 1990.

Wanafunzi wetu watakumbuka kwamba neno la Kiyunani lililotumika katika Mdo. 14:23 kwa kuwaweka wazee wa makanisa ni kheirotoneo, ambalo kwa asili maana yake ni kunyosha mkono. Basi mkono ulionyoshwa hadharani si dhambi, na vikao vyetu vingi bado huutumia kwa mambo ya kawaida. Lakini pale ambapo mtu mwenye nguvu ana maslahi katika matokeo, mkono ulionyoshwa huacha kuwa shahada ya dhamiri na kuwa kodi anayolipwa mwenye nguvu.

Daftari la kudumu

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikusanya maoni, na karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilipendekeza vyama vingi hata hivyo, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mwaka 1994 maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Bagamoyo kuhusu hali ya nchi. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 29, 1995. Augustine Mrema, mzaliwa wa Vunjo aliyegombea kwa NCCR-Mageuzi, alipata kama asilimia 28 ya kura za nchi nzima, na katika mkoa wa Kilimanjaro akamshinda Benjamin Mkapa kwa mbali. Wako waliosema kwamba Wachagga walimpigia Mchagga. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Mlima uliomkataa Mangi Mkuu mwaka 1960 ulikuwa umejifunza zamani kwamba kura yaweza kusema hapana, nao haukusahau somo hilo.

Hadi wakati ule wananchi waliandikishwa upya kwa kila uchaguzi mkuu. Mwaka 2004 uandikishaji katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulianza Tanzania Bara, na daftari hilo likatumika mwaka 2005. Mwaka 2015 ulifuata uandikishaji wa kutumia picha na alama za vidole. Mashine zilikuwa chache na foleni ndefu, hata kura ya maoni juu ya Katiba, iliyokuwa imepangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa kwa kuwa uandikishaji ulikuwa haujakamilika. Mwisho wake majina zaidi ya milioni 23 yaliandikwa.

Kwa swali letu la kwanza, basi, safari imekuwa ndefu na ya kushukuru: kutoka watu 60,000 hadi mamilioni. Lakini maswali mengine mawili hayakupata jibu kwa daftari kupanuka. Ipo desturi ya kununua kura kwa chumvi, khanga au mbege. Sheria iliyoiita takrima na kuiruhusu ilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Oktoba 29, 2025 uchaguzi mkuu ulifanyika huku chama kikuu cha upinzani kikiwa kimezuiwa kushiriki, na siku ile na zilizofuata damu ya Watanzania ilimwagika. Wapo wachungaji waliozika. Sisi tunaoandika historia hatuwezi kupita hapo kama watu wanaosoma orodha ya miaka. Yatosha kusema kwamba kuandikwa katika daftari hakumfanyi mtu kuwa mpiga kura, iwapo karatasi atakayopewa haina la kuchagua.

Mchungaji na siri ya kura

Historia hii yatufundisha nini sisi tulio katika utumishi au tunaojiandaa kuuingia? Twapenda kutaja mambo matatu.

Kwanza, mtumishi mwenyewe aangalie jina lake. Kwa utaratibu wa Tanzania mtu hupiga kura katika kituo alichoandikishwa. Kura kwa njia ya posta haipo. Mchungaji au mwinjilisti aliyehamishwa kutoka usharika wa mlimani kwenda tambarare, asiporekebisha taarifa zake wakati daftari linapoboreshwa, siku ya uchaguzi atajikuta kura yake iko umbali wa safari ya siku nzima. Mwanafunzi aliyeandikishwa chuoni na kurudi kwao kwa mazoezi ya kazi yuko katika hali ileile. Si jambo dogo kwamba watu wanaowahimiza wengine Jumapili wakose kupiga kura siku ya uchaguzi kwa uzembe wa kalamu.

Pili, mchungaji asiulize. Asiulize mimbarani, wala katika ziara ya nyumbani, wala kwa utani baada ya ibada. Washarika wetu wengi bado wanamwona mchungaji kama wazee wao walivyomwona Mangi: mtu ambaye si vema kumficha neno. Tukiwauliza watatujibu, na tukiisha kujibiwa tutakuwa tumewarudisha uwanjani. Maaskofu wetu katika waraka wa Pasaka wa mwaka 2018, "Taifa Letu, Amani Yetu", walizungumza waziwazi juu ya mambo ya nchi. Kusema juu ya haki ni wajibu wa Kanisa. Kuchungulia karatasi ya mshirika si wajibu wa mtu yeyote.

Tatu, sheria inamruhusu mpiga kura asiyeona, au asiyejua kusoma, au mwenye ulemavu, kuja na mtu anayemwamini ili amsaidie. Katika mitaa yetu mtu huyo mara nyingi huwa ni mzee wa kanisa, au mwinjilisti, au mchungaji mwenyewe. Bibi kizee wa Mwika au Masama akinong'ona jina la anayemtaka, na mkono wa mtumishi ukaweka alama mahali ambapo mtumishi mwenyewe asingeiweka, hapo mtumishi ametiwa katika amana nzito. Twaona kwamba amana hiyo yafanana na ile ya kitubio: asikiacho hakibadilishi, wala hakitoi nje.

Hitimisho

Tumeona kwamba kura ya Kilimanjaro ilianza bila daftari na bila siri, ikapata daftari la wachache, kisha la wengi, kisha la wote. Tumeona kwamba siri ndiyo iliyowawezesha watu kumwambia mtawala wao hapana, na kwamba pale siri au uchaguzi wenyewe ulipopunguzwa, wingi wa majina haukusaidia. Wale waliompigia Mathiya kura waliomba kwanza, kisha wakaondoa mikono yao. Sisi tumepewa kuiweka mikono yetu, na kwa hiyo tutaulizwa juu ya alama tulizoziweka. Tuwasaidie watu wa Mungu waandikwe, kisha tuwaache peke yao na karatasi zao.